Mshindo Ni Wetu

Kocha Balume alitoa simu yenye kioo kilichopasuka,
tukajibana wasichana kumi na watano
juu ya kipande cha mwanga kisichozidi kiganja.
Wanaume wa kisiwa cha mbali, magoti yamekunjwa,
macho yametoka, ndimi zimetoka,
wanajipiga mapaja, wanajipiga vifua,
na timu ya upande wa pili imetulia
kama watu wanaosomewa hukumu.
"Haka," akasema. "Ya Wamaori. Jumapili tutaifanya."

Tukaianza Ndosho, kwenye uwanja
ambao mlima ulitutandikia bila kuombwa,
jiwe jeusi linalokula viatu.
Maneno hatukuyajua. Tulipayuka tu.
Kasoki akatoa ulimi, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Siku ya tatu tukapata pigo moja.
Miguu thelathini, pigo moja.
Na milango ikafungwa.
Wa kwanza, wa pili, avenyu nzima.
Mtu alisukuma watoto wake chini ya kitanda.
Muuza makala alikimbia, gunia likabaki wazi katikati ya njia.
Sisi tulikuwa tunacheza.
Mtaa ulisikia buti.

Aliyetoka ni Mama Nzigire peke yake,
na nyundo yake ya kuvunjia mawe,
vumbi la kazi hata kwenye kope.
"Munaita nani?"
Hakufoka. Aliuliza kama anayeuliza bei ya maharage.
"Wale wanaita babu zao, babu zao wanageuka.
Ninyi mukiita kwa mdomo wao,
nani atageuka?"

Usiku ule Balume alisoma mpaka simu ikazima.
Kesho yake akatuambia, kama mtu aliyefumaniwa:
kumbe huichezea maiti. Huichezea bibi harusi.
Humchezea mgeni mlangoni, kumpima na kumheshimu kwa pumzi ileile.
Kumbe watoto wao walichapwa shuleni kwa kusema lugha yao,
na wajukuu wa waliochapwa ndio hao,
wanaoirudisha kwa nyayo.
Kumbe wengine huiba mikogo yake kuuzia magari,
na wenyewe huumia.
Akaangalia viatu vyake. "Tuiache," akasema.

Tuliiacha. Tukabaki na miguu.

Kasoki, baba yake msukuma chukudu,
akakunja goti moja juu ya ubao usiokuwepo,
mguu wa pili ukapiga nyuma, kishindo, kishindo,
kama mzigo wa viazi unapokataa mlima.
Riziki akaleta nyundo: mikono juu, kiuno, chini.
Mimi nikaleta usiku ule mbingu ilipokuwa nyekundu,
godoro kichwani, mkono mmoja ukitafuta mkono wa mdogo wangu
ndani ya umati.
Sikuwahi kumwonyesha mtu. Ilinichukua hatua nne.

Kisha tukagombana. Maneno yawe ya lugha ya nani?
Mnajua mji wetu: swali hilo lina makaburi.
Riziki alivaa viatu, akaenda nyumbani. Akarudi.
Tukakubaliana juu ya pumzi tu,
na kila mmoja ndani ya kinywa kilichofungwa
amtaje aliye wake.

Jumapili asubuhi tulipita nyumba kwa nyumba,
tukigonga mabati kwa vidole, taratibu:
"Shikamoo mama. Saa nane mutasikia mshindo.
Mshindo ni wetu. Musijifiche."

Wasichana wa Bukavu walishuka melini wakiwa wametapika,
wakatusimamia mbele, mabega yameshikana.
Tulipiga.
Watoto walikuwa juu ya ukuta, si chini ya kitanda.
Mlangoni pake, Mama Nzigire aligonga nyundo yake
mara mbili kwenye jiwe. Sijui kama alikuwa anatujibu
au anaendelea na kazi.

Tulifungwa thelathini na moja kwa tano.

Jumatatu hatukufanya mazoezi, miili ilikuwa imeisha.
Muuza makala alisimama njiani, gunia begani,
akaangalia uwanja mtupu, akaniona:
"Leo," akasema, karibu kwa hasira, "hamupigi?"